Ada ya Chama, na Maneno Yanayotoka Marekani

(Mazungumzo ya halmashauri ya tawi mbele ya wanachama, Changamwe)

 Twawashukuru wenzetu wa Likoni waliovuka na feri mapema, na wale waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Hatutawaweka sana.

Sababu ya mazungumzo haya ni hii. Siku ya mshahara iliyopita kijana mmoja alitusimamisha nje ya lango la yadi ya makontena, akatuonyesha karatasi yake ya mshahara. Alikuwa ametia kidole mahali palipoandikwa fedha zilizokatwa kwa ajili ya chama. Akasema, "Wazee, mimi si mwanachama. Sikutia sahihi popote. Na Marekani mahakama imekataza jambo hili. Mbona kwetu ni halali?" Wenzake waliokuwa nyuma yake wakacheka, wala hawakumcheka yeye, walicheka kwa sababu amesema lililokuwa mioyoni mwao. Sisi tulimjibu upesi upesi, tena kwa ukali, na jibu lile halikuwa zuri. Leo twataka kumjibu sawasawa.

Aliyosema juu ya Marekani ni kweli, ila si yote. Kulikuwa na mtu aitwaye Mark Janus, mtumishi wa serikali ya jimbo la Illinois, kazi yake kusimamia malipo ya matunzo ya watoto. Hakuwa mwanachama wa chama cha watumishi, lakini kila mwezi alikatwa kama dola 45, kadiri ya 78 katika kila 100 za ada ya mwanachama kamili. Wakasema hiyo ni sehemu yake ya gharama za kujadiliana mishahara. Yeye akasema, "Sikubaliani na yanayodaiwa na chama hiki. Jimbo letu halina fedha, na wao wadai zaidi. Mbona nilipie maneno nisiyoyaamini?" Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 27 Juni 2018 majaji 5 wakamkubalia, majaji 4 wakakataa. Hukumu iliandikwa na Jaji Samuel Alito. Ilifuta hukumu ya 1977 iliyokuwa imeruhusu makato hayo, na tangu siku ile mtumishi wa serikali popote Marekani hawezi kukatwa ada pasipo ridhaa yake mwenyewe.

Angalieni neno hili: mtumishi wa serikali. Hukumu ile haikugusa viwanda na makampuni ya watu binafsi. Kijana wetu hufanya kazi katika kampuni ya mtu binafsi, kwa hiyo hata angekuwa Illinois, hukumu ya Janus isingemhusu. Hilo tungelimwambia palepale langoni, ila hatukuwa tumejifunza. Nusu ya ukali wa mtu hutokana na kutojua.

Lakini tusijifiche nyuma ya hoja ya kisheria. Watu wa siasa za kihafidhina kule Marekani wana fikira nzima juu ya jambo hili, na fikira hiyo si ya kipumbavu. Wasema uhuru wa kujiunga hauna maana bila uhuru wa kutojiunga. Wasema chama cha watumishi kinapojadiliana na serikali juu ya mishahara, kinajadili kodi za wananchi, na kodi ni siasa; basi kumkata mtu ni kumlazimisha kugharimia siasa ya mwingine. Na wasema, hili ndilo kali zaidi, kwamba chama chenye fedha za hakika husahau watu wake. Kiongozi ajuaye kwamba ada itaingia mwisho wa mwezi, atake asitake mfanya kazi, ataamka asubuhi kwa ajili gani?

Hoja hii ni ya zamani kuliko Janus. Mwaka 1947 Kongresi ya Marekani ilipitisha sheria ya Taft-Hartley, juu ya kichwa cha Rais Truman aliyeikataa, na sheria ile ikayapa majimbo ruhusa ya kukataza mapatano ya kumlazimisha mfanya kazi kulipa chama. Sheria za majimbo za namna hiyo huitwa "haki ya kufanya kazi". Mpaka 2024 zilikuwako katika majimbo 26. Michigan iliiweka 2012, ikaifuta 2023, na kufutwa huko kukaanza kutumika 2024. Missouri ilikuwa imempa Trump kura zake 2016, lakini Agosti 2018 wapiga kura wake waliikataa sheria hiyo, karibu wawili kwa mmoja. Basi mtu asije kuwaambia kwamba Wamarekani wameamua. Wanavutana hata wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1947 wazee wetu hapa Mombasa walikuwa wakifanya nini? Tarehe 13 Januari waligoma. Watu kama 15,000, bandarini, relini, majumbani, mjini kote. Walikutana Kiwanja cha Maskini kule Majengo, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao. Hakuna mwajiri aliyekata ada kwa niaba yao. Mtu alitoa alichonacho. Hiyo ndiyo ingekuwa ndoto ya mhafidhina: chama cha hiari tupu! Na kwa kweli kilikuwa na nguvu ambayo sisi leo, pamoja na akaunti yetu ya benki, hatunayo. Lakini kabla mwaka haujaisha Kibachia alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, na shirikisho lile halikukaa. Hiari iliwatosha kusimama kwa siku kumi na kitu, haikuwatosha kwa miaka kumi. Palihitajiwa ofisi, karani, nauli ya kwenda mahakamani, na mtu wa kushika kazi kiongozi akichukuliwa. Wagomaji wa bandarini wa Machi 1955 walipata msaada wa Tom Mboya kutoka Nairobi, mtu wa shirikisho lenye utaratibu, ajuaye kukaa mezani na mwajiri na karatasi zake mkononi. Mwaka uliofuata Mboya alikwenda Marekani, na shirikisho la vyama vya huko likatoa dola 35,000 kwa ajili ya nyumba ya wafanya kazi Nairobi. Twalitaja hili kwa sababu wako wasemao kwamba mambo ya Marekani hayatuhusu. Yametuhusu siku nyingi.

Wenzetu wa vyama vya Marekani hujibu hivi: sheria yao yasema chama kilichochaguliwa na wengi lazima kiwatetee wote mahali pale pa kazi, hata wasiolipa. Basi asiyelipa hula mkate wa mwenzake. Sisi nasi hupenda kusema kwamba asiyelipa ni kama mtu anayedandia matatu bila nauli. Lakini mzee mmoja wa Likoni alitukosoa katika halmashauri. Alisema, "Mimi huvuka feri kwa miguu kila siku wala silipi kitu, magari ndiyo yanayolipa. Je, mimi ni mwizi?" Tulinyamaza. Si mwizi. Serikali iliamua kwamba mtu wa miguu lazima avuke, na gharama ikawekwa mahali pengine. Lakini feri hiyohiyo ikiharibika, mzee husimama foleni pamoja na wote, wala hana wa kumdai, maana hakulipa. Hapo ndipo twaona tofauti. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

Tena wahafidhina wana mfano mmoja mchungu ambao twapaswa kuumeza. Kanuni ile ya kumtetea kila mtu ilitokana na kesi ya 1944 ya Steele, mfanya kazi mweusi wa reli. Chama cha wachochea moto wa garimoshi kiliwakataa weusi kuwa wanachama, kisha kikafanya mapatano na makampuni ili weusi waondolewe katika kazi zile. Chama! Ilibidi Mahakama ya Juu iseme kwamba chama kilichopewa mamlaka ya kusema kwa niaba ya wote hakiwezi kuwauza baadhi yao. Basi mtu akisema kwamba nguvu za chama zaweza kumwumiza mnyonge, hasemi uongo. Vibarua wa yadi zetu walio hapa leo watajua twasema nini.

Sasa sikieni upande wa pili, ambao watu hawausemi kwenye simu zao. Tarehe 1 Oktoba 2024 makuli wa bandari za mashariki na kusini mwa Marekani waligoma, watu kama 45,000, kutoka Maine mpaka Texas. Baada ya siku 3 walirudi kazini na ahadi ya nyongeza ya kama 62 katika kila 100 kwa miaka 6. Bandari za Savannah, Charleston na Houston zilifungwa pamoja na nyingine, na zote tatu zimo katika majimbo ya "haki ya kufanya kazi". Huko hakuna awezaye kulazimishwa kulipa hata senti. Kwa nini makuli wale walisimama? Kwa sababu chama chao huonekana bandarini kila siku. Mtu hulipa kwa kuwa ajua alichokinunua. Sisi tuliosoma habari hii tulifurahi, kisha tukaona haya kidogo.

Wala wahafidhina wenyewe si kitu kimoja. Julai 2024 rais wa chama cha madereva wa malori, Sean O'Brien, alihutubia mkutano mkuu wa chama cha Republican. Desemba mwaka huo Donald Trump, akiwa ameshinda uchaguzi lakini hajaapishwa, aliwaunga mkono makuli waziwazi juu ya mitambo inayochukua kazi zao. Jambo ambalo mtu wa winchi wa Kilindini angependa kulisikia kutoka kwa mkubwa yeyote. Kisha tarehe 27 Machi 2025 Trump yuleyule alitia sahihi amri ya kuondoa haki ya mapatano ya pamoja katika idara nyingi za serikali yake, kwa kusema ni mambo ya usalama wa taifa. Kwa hiyo atakaye kuchukua siasa ya Marekani kuwa mwalimu wake, kwanza aulize ni somo la Desemba au la Machi.

Na kwetu? Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuunda chama, kujiunga na kushiriki. Kifungu cha 36 chasema mtu asilazimishwe kujiunga na jumuiya yoyote. Kisha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, fungu la 49, yaruhusu chama chenye mkataba wa pamoja uliosajiliwa mahakamani kumwomba Waziri atoe amri, ili mfanya kazi asiye mwanachama lakini anayefaidika na mkataba ule akatwe ada ya uwakilishi. Kijana wetu hakulazimishwa kujiunga. Alikatwa kwa kuwa nyongeza yake ya mshahara na siku zake za likizo zimeandikwa katika mkataba uliojadiliwa na wenzake. Twaona sheria hiyo ni ya haki, na mtu akija kutaka ifutwe tutampinga. Mshahara wa kijana hauongezeki kwa hotuba za uhuru, na mwajiri aliye na wakili wa mwaka mzima hapaswi kukutana na chama kisicho na nauli. Marekani mwaka 2024 wanachama walikuwa chini ya 10 katika kila 100 ya wafanya kazi. Katika miaka ya 1950 walikuwa kama theluthi. Sheria zile si sababu pekee, lakini hatutaki kuijaribu njia hiyo hapa.

Lakini, ndugu, haki ya sheria haitutoshi kumtazama kijana yule machoni. Tulipomwuliza mwishowe kwa nini hataki kujiunga, hakutaja Marekani. Alisema kaka yake alikuwa mwanachama wetu kwa miaka 6. Alipoachishwa kazi alikuja ofisini mara tatu. Mara mbili alikuta kufuli. Mara ya tatu aliambiwa aache barua, na barua ile haikujibiwa. Tumetafuta katika faili. Barua ipo. Ina muhuri wetu wa kupokelewa. Hakuna jambo lililofanywa. Kosa hili ni letu, si la karani peke yake, na kaka yake kijana tumekwisha kumwita.

Basi halmashauri imekata shauri hivi. Ofisi itafunguliwa hata saa za adhuhuri, na siku za mshahara mmoja wetu atakuwa langoni, si kukusanya kitu bali kupokea malalamiko. Wasio wanachama wanaokatwa ada ya uwakilishi watapewa nakala ya mkataba wa pamoja kwa Kiswahili, maana imekuwa aibu kumkata mtu kwa ajili ya karatasi asiyoweza kuisoma. Na hesabu za chama zitasomwa kwa sauti mbele ya wote wanaolipa, wanachama na wasio wanachama. Baadhi ya wenzetu walipinga hili la mwisho wakisema asiye mwanachama hana haki ya kuona vitabu. Tulipiga kura, wakashindwa, na wamekubali.

Hesabu za miezi sita iliyopita zitasomwa hapa hapa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana. Kijana wa yadi ya makontena ameahidi kuja, na amesema atakuja na maswali.