Hukumu Iliyotangulia na Nguvu Yake



Wakili akisimama mbele ya jaji, hachelewi kutaja kesi ya zamani. Waingereza, waliotuachia utaratibu huo, huiita kesi ya namna hiyo precedent. Wengi hudhani maana yake ni kesi iliyotangulia kwa tarehe, basi. Ingekuwa hivyo, kila jalada la Mahakama ya Mwanzo lingewafunga majaji wote wa nchi hii. Kinachofunga ni sababu iliyoibeba hukumu, nayo huzifunga mahakama zilizo chini ya ile iliyoitoa.

Kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu inalionyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha kiada. Ndoa ilivunjika, Bi Hawa akadai sehemu ya nyumba. Alikuwa mama wa nyumbani, na nyumba ilipatikana kwa fedha za mume. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinairuhusu mahakama kugawa mali ambayo wanandoa wameichuma kwa juhudi zao za pamoja. Je, kupika, kufua na kulea watoto ni juhudi? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa na misimamo miwili: wengine wakisema ndiyo, wengine wakisema hayo ni majukumu ya mke tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakata shauri: kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali.

Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu katika nyumba ile. Mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzisha biashara ya familia, na mahakama ikaona alizitapanya, hata mchango wake ukahesabiwa kuwa umekwisha. Ukisoma mstari wa mwisho wa hukumu utamwona mwanamke aliyeshindwa. Ukisoma sababu zake utaona haki ambayo tangu hapo wanawake wengi wameidai kwa jina lake, wakapata. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wa sheria wasikimbilie kuuliza nani alishinda.

Kutangulia, hata hivyo, si kutawala milele. Mwaka 1988 Bi Holaria Pastory, wa Muleba, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kupinga, kwa hoja kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Hukumu za nyuma, ikiwemo ya Mahakama Kuu ya mwaka 1968, zilikuwa upande wake. Shauri lilipofika Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya akaonyesha mwaka 1990 kwamba msingi wa hukumu zile umeondoka: Katiba ilikwisha kuingizwa haki za binadamu mwaka 1984, na ubaguzi wa kijinsia haukuwa na pa kusimama. Bi Holaria akabaki na haki ya kuuza. Hata mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliyojifunga kwa hukumu zake yenyewe tangu 1898, ilitangaza mwaka 1966 kwamba inaweza kuziacha pale haki inapodai. Naona ilichelewa mno.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Ni hatua kubwa na ya haki. Lakini hukumu ambazo jaji wa leo anapaswa kuzifuata ziliandikwa, karibu zote, kwa Kiingereza. Mama wa Temeke anayedai sehemu ya nyumba anasikiliza kesi yake kwa lugha yake, huku sababu zinazoiamua zimefungiwa katika lugha asiyoisoma. Idara zetu za Sheria na za Kiswahili zina uwezo wa kuzitafsiri hukumu kuu za Mahakama ya Rufani, kwa istilahi moja, na kuzichapisha kwa bei ambayo mwananchi ataimudu. Naomba kazi hiyo ianze katika chuo hiki, mwaka huu huu wa masomo, na kesi ya Bi Hawa iwe ya kwanza.