Hendeli na Cheche

Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908, liliwashwa kwa nguvu za mkono. Kwanza dereva alipandisha wenzo wa kushoto chini ya usukani ili kuichelewesha cheche. Ndipo akaenda mbele kuzungusha hendeli. Aliyesahau aliweza kuvunjika mkono, kwani cheche inayowahi huwasha petroli kabla pistoni haijafika juu, nayo hendeli humrudi kwa kishindo. Charles Kettering alibuni stata ya umeme, na Cadillac ikaiweka katika magari yake ya mwaka 1912. Ford ikafuata mwaka 1919. Hivyo hata asiye na misuli aliweza kuwasha gari, na mikono mingi ikasalimika.