Nyanya za Ndooni Wakati wa Jua Kali

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo. Kina mama wengi wanaokuja kliniki wamepanda nyanya mlangoni kwenye ndoo kuukuu na magunia, nami nafurahi, kwa kuwa nyanya humpa mtoto vitamini C. Lakini Januari na Februari jua linapowaka, nasikia kilio kimoja: "Sista, zimeanza kuzaa halafu majani yananyauka. Nimeongeza mbolea, zikazidi."

Mama, mmea ukilegea saa saba mchana, mara nyingi hauna njaa, una kiu. Wakumbuka tunavyokuonya kuhusu ORS? Ukiikoroga kwa maji machache, chumvi ile humdhuru mtoto anayeharisha. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi. Ukiitia kwenye udongo mkavu, mizizi hushindwa kunywa, na kingo za majani huungua. Mimi mwenyewe niliua miche mitatu hivyo, nikijiona mkulima.

Kwanza hakikisha ndoo imetobolewa chini. Mwagilia asubuhi na mapema, au jua likishuka, hadi maji yatokee matunduni. Kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17, kijiko cha kusawazisha, si cha kilima, katika lita 5 za maji. Kila mche upate kama lita 1, mara moja kila majuma mawili. Siku za joto kali mno, toa maji tu. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, hiyo ni mbolea iliyozidi. Mimina maji mengi iondoke. Na maua yakidondoka kwa joto, mbolea haiyarudishi.

Samadi je? Nzuri, ikiwa imeoza vizuri kwa miezi minne au zaidi. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, tena ina vijidudu vya kuharisha. Kuiloweka kwenye maji hakuviui. Watoto huchuma nyanya na kuzila papo hapo, hawangoji kuoshewa. Usimwagie samadi mbichi mmea uliokwisha kuzaa.

Sasa hili ndilo lililonifanya nichague mada hii. Mama mmoja alibakiza maji ya mbolea kwenye chupa ya soda, akaiweka kando ya ndoo. Mtoto wake wa miaka miwili akainywa. Alifikishwa hospitalini mapema, akapona, lakini mama yule hakulala siku mbili. Koroga kiasi cha kutosha siku hiyo tu. Mbolea kavu iache ndani ya mfuko wake wenye jina, juu asikofika mtoto. CAN yaweza kudhaniwa ni chumvi au sukari. Mtoto akiila au kuinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitalini pamoja na mfuko ule, hasa midomo ikigeuka rangi ya samawati.

Na wale mnaouliza juu ya nyanya zinazooza kitako na kuwa nyeusi: mara nyingi ni kwa sababu leo unamwagilia, kesho unasahau, chokaa haifiki kwenye tunda. CAN nyingi huzidisha tatizo. Mwagilia kila siku, funika udongo kwa nyasi kavu. Tunda lenyewe, kama halijaota ukungu wala kunuka, kata sehemu nyeusi utupe, iliyobaki weka kwenye mchuzi.