Shahidi Asiye na Kesi



Ibara ya 107A ya Katiba yetu ya Tanzania inazitaka mahakama zifuate kanuni tano zinapoamua mashauri. Ya mwisho, inayokataza kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, mawakili tunaishika sana. Ya tatu huisikii ikitajwa. Inataka watu walioathirika kwa makosa ya wengine walipwe fidia ipasavyo, kwa mujibu wa sheria mahususi iliyotungwa na Bunge. Sheria hiyo mahususi ndiyo ninayokuja kuidai leo.

Chukueni kesi ya aina iliyojaa kwenye hukumu zetu za rufaa. Binti wa miaka 12 amebakwa na mtu anayemfahamu. Mama anamshika mkono mpaka kituo cha polisi, wanapewa PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari, wanakwenda hospitali. Wakibahatika kuangukia Dawati la Jinsia na Watoto lenye askari aliyefunzwa, au hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono, watawakuta polisi, daktari na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja, na mtoto hatalazimika kusimulia yaliyompata mlango kwa mlango. Hiyo ni kazi nzuri na wanaoifanya wanastahili shukrani. Wasipobahatika, PF3 yenyewe inakuwa safari: nauli ya kituoni, nauli ya hospitali, nauli ya kuirudisha ikishajazwa, na huku ushahidi ulioko mwilini unapotea saa kwa saa.

Kisha kesi inapigwa kalenda, tena na tena. Siku ikifika, binti anapanda kizimbani akiwa shahidi wa Jamhuri. Akimaliza anaruhusiwa kwenda nyumbani, na habari yake kisheria inakuwa imekwisha. Mshtakiwa akitiwa hatiani huelezwa haki yake ya kukata rufaa na hupewa nakala za hukumu na mwenendo wa kesi. Hivyo ndivyo inavyopasa, na sitaki apunguziwe hata moja. Ninachouliza ni nini alichopewa binti.

Tangu sheria ya ushahidi irekebishwe mwaka 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Hakimu amuulize maswali machache, aipate ahadi, aiandike. Zimekuwapo rufaa ambamo ahadi haikuonekana kwenye kumbukumbu, na ushahidi wa mtoto ukafutwa. PF3 nayo hufutwa, ama kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, ama kwa sababu ilipokewa kama kielelezo bila kusomwa kwa sauti mahakamani. Taratibu hizi zina maana yake, maana zinamlinda asiye na hatia. Lakini aliyezivunja si mtoto. Yeye alijibu kila alichoulizwa. Miaka inapita, mrufani anaachiwa huru, na hakuna anayejiona ana wajibu wa kumpigia simu mama. Anaambiwa na jirani aliyemwona mtu huyo stendi. Hili linaniuma kuliko jambo lolote jingine katika taaluma hii, kwa sababu Mahakama ya Rufani yenyewe, katika kesi ya Selemani Makumba, ilikwisha kutamka kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Tunamtegemea kuliko mtu yeyote mle ndani, kisha tunamsahau.

Na fidia? Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilileta kifungo kisichopungua miaka 30 na pia amri ya kumlipa aliyebakwa. Alipe nani? Mfungwa hana mshahara, na kiwanja kama kipo mara nyingi ni cha familia. Binti anahitaji dawa, ushauri nasaha, pengine kuhamishwa shule, na anavihitaji mwaka huu.

Wenzetu wa Kenya waliliandika jambo hili kwenye Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 50, na mwaka 2014 Bunge lao likatunga sheria ya kuwalinda waathirika, yenye haki ya kupewa taarifa, haki ya kusikilizwa, na mfuko wa kuwahudumia. Wapo waliohofu kwamba mshtakiwa atajikuta anapambana na waendesha mashtaka wawili. Hofu hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Mahakama ya Juu iliijibu mwaka 2020 katika kesi ya Waswa: mwathirika anaweza kutoa maoni yake, mwenyewe au kupitia wakili, kwa usimamizi wa hakimu, lakini kiti cha mwendesha mashtaka si chake. Naona mpaka huo umewekwa mahali pake, nasi tunaweza kuuazima kama ulivyo.

Bunge letu litunge sheria hiyo na liunde mfuko, sehemu ya faini zinazolipwa mahakamani iingie humo, ili huduma isisubiri mfungwa apate fedha. Najua hilo litachukua muda. Kuna jingine ambalo Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inaweza kulianza kwa waraka wa ukurasa mmoja: wakili wa serikali akipokea taarifa ya rufaa, familia ya mwathirika ijulishwe, tarehe ya hukumu ikipangwa, ijulishwe, na amri ya kumwachia mfungwa ikitolewa, ipigiwe simu siku hiyo hiyo, kwa namba ambayo mama aliiandikisha kwenye maelezo yake polisi.