Makofi Kabla ya Wimbo

Somo: Mathayo 5:23-24

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya nyimbo na amani, na tutaanza mbali kidogo kabla ya kufika kwetu.

Mwezi wa Machi mwaka 1971, jeshi la Pakistan liliwashambulia watu wa Pakistan ya Mashariki, nchi ambayo leo yaitwa Bangladesh. Watu hao walikuwa wangali wanaomboleza, kwa maana mnamo Novemba 1970 tufani kubwa kutoka baharini ilikuwa imeua watu kwa mamia ya maelfu. Sasa vita vikaja juu ya tufani. Watu wapatao milioni 10 walikimbilia India, wakalala kambini katika mvua, na kipindupindu kikawafuata huko huko.

Palikuwa na mpiga muziki mashuhuri wa India, jina lake Ravi Shankar, naye ni Mbengali kama wakimbizi wale. Moyo ulimwuma. Akamwendea rafiki yake Mwingereza, George Harrison, aliyekuwa mmoja wa vijana wanne wa Beatles, akamwomba msaada. Siku ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1971, wakafanya tamasha mara mbili, mchana na jioni, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Watu wapatao 40,000 walihudhuria.

Ravi Shankar na wenzake ndio waliotangulia jukwaani. Wakaketi, wakaanza kukaza nyuzi za vyombo vyao ili sauti zipatane. Watu wengi pale hawakuwa wamezoea muziki wa Kihindi. Nyuzi zilipokwisha kupatana, wapigaji wakanyamaza kidogo, na ukumbi mzima ukapiga makofi kwa furaha! Walidhani huo ndio muziki. Mzee yule akawashukuru kwa upole, akawaambia kwamba ikiwa wamependezwa hivyo na kukaza nyuzi, basi anatumaini watapendezwa zaidi na muziki wenyewe.

Ndugu, tusiwacheke watu wale. Walitoa fedha zao, na viingilio vya siku ile vilileta zaidi ya dola 243,000, zikapelekwa kwa UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa linalosaidia watoto. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini vita havikukoma kwa sababu ya tamasha. Viliendelea hadi tarehe 16 Desemba mwaka ule. Na sehemu kubwa ya fedha zilizopatikana baadaye kwa santuri na filamu ilikwama miaka mingi katika mambo ya kodi. Kuimba kulikuwa mwanzo wa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa bado.

Tumekumbuka habari hiyo kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe, watu wa nyumba moja, mume na mke.

Vita vilianza Sudan tarehe 15 Aprili 2023. Miezi michache baadaye, kanisa moja katika mji ulio karibu nasi lilitangaza jioni ya nyimbo ya kupinga vita na kuwachangia wakimbizi. Tulifurahi. Tulivaa nguo zetu za Jumapili, ingawa siku ilikuwa Ijumaa, tukapanda matatu, tukafika mapema ili tupate viti vya mbele. Kwaya ziliimba vizuri. Tulisimama, tukaimba nao, tukainua mikono. Kapu lilipopita tulitia noti yetu, nasi hatukuikunja sana, ili jirani wa kiti aione. Twaungama hilo pia.

Kisha kijana mmoja wa Sudan akasimama. Alisema kwa Kiswahili cha kujifunza, polepole. Alitueleza jinsi yeye na mama yake walivyobisha usiku katika mlango wa mtu wasiyemjua, na mtu yule akafungua, akawapa maji na mahali pa kulala. Ukumbi ukapiga makofi. Sisi nasi tulianza kupiga, kisha mikono yetu ikaacha.

Kwa nini iliacha? Sikilizeni, nasi tutawaambia.

Usiku mmoja wa Januari 2008, wakati wa ghasia zile zilizofuata uchaguzi, jirani yetu alibisha langoni petu pamoja na watoto wake. Sisi twakaa katika Bonde la Ufa, na mnajua jinsi mambo yalivyokuwa huku. Tulikuwa ndani. Tulijua sauti yake. Tuliogopa kwamba tukiwafungulia, nyumba yetu nayo ingechomwa. Tukazima taa. Tukapiga magoti gizani, tukaomba Mungu awalinde, wala hatukufungua. Walilala msituni kando ya mto. Nyumba yao iliteketea. Baada ya miezi mingi kambini walirudi, wakajenga tena palepale.

Tangu hapo tulikuwa tumesalimiana miaka 15. "Hamjambo?" "Hatujambo." Tulikuwa tumeazimana chumvi na jembe. Tulikuwa tumeketi benchi moja katika matanga. Lakini juu ya usiku ule hakuna aliyefungua kinywa, na sisi tuliuita ukimya huo amani.

Tulirudi nyumbani bila kuzungumza. Ndani ya matatu mmoja wetu alisema neno moja tu, "Langoni," na mwenzake akaelewa.

Asubuhi tulikwenda. Tulimkuta mama yule ameketi nje akichambua mboga. Tulimwambia, "Mama, tumekuja kwa ajili ya usiku ule. Tulikuwa ndani. Tulikusikia. Twaomba utusamehe." Hakuinua macho. Aliendelea na mboga zake, kisha akasema, "Niliona taa yenu ikizimika. Ndipo nikajua kwamba mko."

Miaka 15 alikuwa akijua, na kila siku akatujibu salamu yetu.

Hakutuambia kwamba yamekwisha. Alinyamaza kitambo kirefu, halafu akamwita mjukuu wake alete vikombe. Tulikunywa chai. Tangu siku hiyo tumezungumza mara kadhaa, na mara nyingine yeye hulia, na mara nyingine hukasirika, nasi huketi tukamsikiliza. Si kazi ya siku moja.

Wapendwa, Bwana wetu alijua mioyo yetu. Katika somo letu amesema juu ya mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka mkononi, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Bwana hakumwambia aimbe kwanza, wala amalize ibada. Alimwambia aiache sadaka pale pale, aende kwanza apatane na ndugu yake, ndipo arudi aitoe. Tena angalieni vema: hasemi juu ya ubaya tuliotendewa, bali juu ya ndugu aliye na neno juu yetu. Sisi ndio wa kuondoka na kwenda.

Basi, endeleeni kuchangia wakimbizi. Endeleeni kuwaombea watu wa Sudan, na kuimba juu ya amani. Lakini tusije tukajipigia makofi wakati nyuzi ndiyo kwanza zimekazwa. Labda uko mlango mmoja kijijini kwako, au katika ukoo wako, au katika kanisa lako, ambao umeupita kwa salamu tu miaka mingi. Usingoje tamasha jingine. Nenda kesho asubuhi.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe taa tulizozima na malango tuliyofunga. Uwafariji waliolala nje kwa sababu ya hofu yetu. Utupe miguu ya kwenda, na subira ya kusikiliza tukifika. Uwape amani watu wa Sudan, na nchi yetu pia. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo. Amin.