Faida ya Mtu na Imani Yake
Hotuba ya Katibu kwa wanachama wa Nyakasimbi



Nimepewa heshima ya kusema machache katika sherehe hii ya kutimiza miaka 10 ya Muungano wetu. Wenzangu wamekwisha kusema juu ya magunia na maghala. Mimi nimechagua jambo lisilopimika kwa mizani, nalo ni hili: kwa nini mtu humwamini huyu na kumshuku yule?

Tuanze na butura, ambayo sote twaijua ingawa imepigwa marufuku. Kahawa ingali maua, karo ya mtoto inadaiwa, na mfanyabiashara anabisha hodi usiku akiwa na fedha taslimu. Bei anaipanga yeye. Usiku ule mkulima anajua kabisa kwamba anapunjwa. Lakini tazameni ajabu: ifikapo miezi ya kuchuma, mkulima yule yule ndiye anayetangaza kwamba tajiri wake ni mtu mwema, na kwamba chama huchelewesha malipo na makarani wake ni wezi. Sidhani kwamba anasema uongo. Ameamini kweli. Akikubali kwamba chama kingemlipa zaidi, itambidi alale kila siku akihesabu kilichopotea. Kumwamini tajiri ni nafuu kwake. Naye tajiri huamini moyoni kwamba ametoa msaada, wala haioni riba aliyoila.

Mambo ya mpakani ni hayo hayo. Bei ya Uganda ikipanda, twasikia hoja nzuri sana kwamba watu wa pande mbili za Mto Kagera ni ndugu, na kwamba mpaka uliwekwa na wageni. Bei ikishuka kule, hoja hiyo hulala usingizi, na wasemaji wale wale hutukumbusha sheria. (Udugu huo ni wa kweli misimu yote, ila hukumbukwa msimu mmoja.)

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba shaka ya mkulima ni ujinga mtupu. Mwaka 1937, Serikali ya kikoloni ilipoleta kanuni za kahawa Bukoba, wakulima walizipinga hata pakatokea ghasia. Wakubwa waliona elimu ya kilimo. Wakulima waliona amri juu ya mali yao. Chama kikuu cha wakulima wenyewe, Bukoba Native Co-operative Union, kiliandikishwa mwaka 1950. Kisha, mwaka 1976, Serikali yetu wenyewe ilivunja vyama vikuu nchi nzima, mpaka sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Mzee aliyeyaona hayo ana haki ya kuuliza mara mbili.

Sasa ya ofisini. Redio hutangaza bei ya mnada, na mkulima hupokea pungufu. Yeye huamini kwamba tofauti imeliwa. Karani huamini kwamba makato yote ni halali, tena ni machache. Nani msema kweli? Kumbukeni kwamba mshahara wangu hutoka katika ushuru wa kila kilo mnayoleta. Kwa hiyo nikikisifu chama, nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mwuza ng'ombe akimsifu ng'ombe wake.

Wale wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, hawakuwataka watu wawaamini kwa wema wao. Waliuza unga usiochanganywa na kitu, wakapima kwa haki, wakampa kila mwanachama kura moja, na hesabu wakaziweka mbele ya wanachama.

Kwa sababu hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, makato yote yaandikwe ukutani, moja moja, kwa herufi kubwa, kabla ya siku ya kwanza ya kununua. Pili, mizani ijaribiwe kila asubuhi na wanachama wawili wasio wa Halmashauri, na mmoja wao awe katika wale wanaotushuku zaidi. Mtu wa namna hiyo hatasinzia.

Vitabu vya hesabu viko juu ya meza ile karibu na mlango, na mhasibu atakaa hapo mpaka saa 11 jioni.