Mamlaka Si Kumiliki

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, wiki ya Sikukuu ya Kristo Mfalme)

 

Jumapili hii tunaadhimisha Kristo Mfalme, sikukuu iliyowekwa na Papa Pius wa Kumi na Moja mwaka wa 1925. Basi tujiulize: Biblia ikisema "ufalme", ina maana gani?

Sisi tukisikia ufalme tunafikiria nchi yenye mipaka. Lakini kwa Kiebrania mfalme ni melek, na ufalme ni malkut, maana yake hasa ni kule kutawala. Kigiriki husema basileia, na hiyo pia kwanza ni madaraka, ndipo nchi. Someni Luka 19. Yule mtu mkubwa alisafiri mbali kupokea basileia, kisha akarudi. Je, alirudi na shamba mgongoni? Hapana. Alirudi na madaraka.

Sasa sikilizeni jambo lingine. Mzizi huo wa melek umo pia katika Kiarabu, na kutoka huko umefika kwetu. Ndio uliotupa malkia, mamlaka, na pia kumiliki. Mamlaka na kumiliki ni ndugu, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akipewa mamlaka, upesi hudhani anamiliki.

Samweli aliwaonya Waisraeli waliotaka mfalme: atatwaa wana wenu, mabinti wenu, mashamba yenu (1 Samweli 8). Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi, na Nabothi akauawa (1 Wafalme 21). Lakini Kumbukumbu la Torati 17 inamwekea mfalme mipaka: asijirundikie farasi, fedha wala dhahabu, ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote, asijione bora kuliko ndugu zake.

Najua kikundi kimoja kilichonunua mashine ya kusaga. Mwenyekiti aliweka funguo na kitabu cha pesa nyumbani kwake. Hata mweka hazina alikuwa akibisha hodi kuomba kukiona. Siku mkanda ulipokatika, pesa za kununua mwingine hazikuwepo, na akina mama wakarudi kubeba mahindi hadi soko la mbali. Mimi nilikuwa nikitembelea kikundi hicho. Nilikunywa chai kwa mwenyekiti mara nyingi, na kitabu sikukiuliza. Niliona haya. Kosa hilo ni langu pia.

Kwa hivyo, mkirudi nyumbani, ulizaneni:

1. Kitabu cha pesa kinakaa wapi, na nani alikisoma mwezi huu?
2. Katiba ya kikundi iko na nakala ngapi?
3. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika lini?

Kiongozi asikasirike akiulizwa. Hata mfalme wa Israeli alitakiwa kusoma sheria kila siku. Sembuse sisi wa mashine ya kusaga?